Istilahi za Udhibiti wa Matoleo kwa Wanaoanza: Mfano wa Shajara Iliyofika Ujiji

Makala haya yanafafanua istilahi tatu za programu za kudhibiti matoleo, kama vile Git iliyoanzishwa na Linus Torvalds mwaka 2005. Hoja yake ni kwamba anayeanza hukwamishwa na dhana kabla ya kukwamishwa na amri.

Dhana yenyewe ina mfano mwambaoni mwa Ziwa Tanganyika. Oktoba 1871, David Livingstone alifika Ujiji na shajara aliyoiandika juu ya kurasa za gazeti kuukuu, kwa wino wa mmea, kwa kuwa karatasi na wino vilimwishia. Humo alieleza mauaji ya sokoni Nyangwe, katika Kongo ya leo, ya Julai mwaka huo. Baadaye aliyanakili maelezo hayo katika daftari jingine, na mwaka 1874 Horace Waller akayahariri na kuyachapisha. Mwaka 2011 maandishi yaliyofifia yalisomeka tena kwa picha za mwanga wa rangi mbalimbali, na watafiti wakabaini kuwa nakala ya pili inatofautiana na ya awali.

Istilahi ya kwanza inahusu hatua inayofuata baada ya kuhifadhi. Kuhifadhi faili hufunika hali yake ya awali. Git huongeza kitendo cha kuiandikisha hali hiyo pamoja na jina la mhusika, tarehe na maelezo. Utohozi "komiti" unakaribiana mno na "komite", yaani kamati, katika Kiswahili cha ng'ambo ya ziwa. "Kusajili" kunafaa zaidi, kwa kuwa kilichosajiliwa hujulikana ni cha nani na cha lini.

Ya pili ni "tawi". Tawi la mti likishaachana na shina halirudi. Tawimto, kama Moyowosi unaoingia Malagarasi, huja kuungana. Tawi la Git huachana na shina na pia huweza kurudi, hivyo mwalimu atumie mifano yote miwili.

Ya tatu ni "kuunganisha". Sentensi moja ikiwa imebadilishwa kwa namna mbili, programu husimama na kumwachia mtu uamuzi. Hali hiyo ni "mgongano", na uamuzi ni "usuluhishi", ambao nao husajiliwa. Kitabu cha 1874 hakikumwonesha msomaji tofauti za matoleo yaliyokitangulia.

Kwa hiyo, zana za kufundishia zianze na matini ya Kiswahili iliyohaririwa na wanafunzi wawili, ndipo zifuate amri. Mwanafunzi aliyekwisha kusuluhisha aya moja atajua amri inamtaka afanye nini.