Uzi ulioko chini ya kitanda ni mtaji uliolala

Leo nawaletea hasara yangu mwenyewe, ili na wewe unayeuza mtandaoni usiipate.

Mimi nafuma kwa kroshia nyumbani, Dar es Salaam. Nguo za watoto wachanga, mashali, vitambaa vya makochi. Napiga picha, naweka status, oda zinaingia, mzigo unapanda basi. Mwaka jana mteja wa Iringa aliagiza seti ya mapacha: masweta mawili, kofia, soksi, na shali moja kubwa la kuwafunika wote wawili siku ya arobaini. Rangi ya maziwa.

Nilikuwa na mabonge matano mezani. Nikaanza kufuma bila kupiga hesabu. Masweta yakaisha vizuri, kofia na soksi vikaisha. Kufika katikati ya shali, uzi kwisha! Nikakimbia Kariakoo, nikapata uzi wa kampuni ileile na namba ya rangi ileile. Nikafuma usiku kucha chini ya taa, asubuhi na mapema mzigo ukasafiri.

Jioni yake mteja kanitumia picha aliyopiga juani. "Dada, mbona shali lina rangi mbili?" Kweli bwana. Nusu maziwa, nusu imeenda kwenye njano, na mstari umekatika katikati kama umechorwa. Arobaini ilikuwa keshokutwa. Nilirudisha hela ya shali na nauli, shilingi 42,000. Kibaya zaidi, mdogo wake alikuwa ameahidi kuagiza, hakunitafuta tena.

Wiki mbili baadaye mwanangu anatafuta mpira wake chini ya kitanda, kavuta kiroba. Ndani kuna mabonge matatu ya rangi ya maziwa, ya mzigo uleule wa mwanzo. Nilikaa chini. Uzi ninao, ila sijui kama ninao.

Siku hiyo nilitoa kila kitu nikamwaga sebuleni. Mabonge 143. Kati yake 38 ni meupe, maana kila nikienda sokoni nadhani nyeupe imeisha. Kwa shilingi 3,000 kila moja, hiyo ni 114,000 imekaa tu kwenye viroba huku nalalamika sina mtaji wa lebo na vifungashio. Hivi ndivyo nilivyopanga upya.

1. Lebo haitupwi
Kwenye karatasi ya bonge kuna namba mbili. Ya kwanza ni ya rangi. Ya pili ni ya loti, yaani uzi uliotiwa rangi kwa mkupuo mmoja. Kiwanda kikichanganya rangi upya siku nyingine, namba ya rangi inabaki ileile ila loti inabadilika, na rangi inaweza kupishana kidogo. Kidogo hicho ndicho kilichoniumbua. Sasa nanunua uzi wote wa oda kwa pamoja, loti moja. Nikilazimika kuchanganya, nalinganisha nje mchana, sio chini ya taa.

Nina daftari. Kila uzi unaoingia nakata kipande cha sentimita kumi, nakibandika, pembeni naandika namba ya rangi, loti, idadi na bei. Mteja akiuliza "una bluu gani?" sifungui viroba, nafungua daftari.

2. Mizani ya jikoni ndiyo karani wako
Mabaki ya uzi huwezi kuyapima kwa macho. Kama lebo inasema gramu 100 ni mita 210, na kilichobaki kina gramu 40, basi una mita 84.

Pima pia kila unachomaliza kufuma. Sweta langu la mtoto mchanga linakula gramu 120, kofia 30, soksi 20. Shali lile la mapacha lilikuwa 350. Piga hesabu: seti mbili ni 340, ongeza shali, jumla 690. Mabonge saba. Nilianza na matano! Mizani ingeniambia siku ya kwanza, hata kabla sijapokea malipo ya awali. Na ukishajua gramu, bei unaipanga kwa hesabu, huibahatishi.

3. Tenganisha kwa aina kwanza, rangi baadaye
Uzi wetu mwingi ni akriliki, mwingine pamba, mara chache sufu halisi ya kondoo. Kila mmoja una adui yake. Kama lebo imepotea, chukua kipande kifupi, kishike kwa koleo juu ya sinki, kiwashe. Sufu inanuka nywele zilizoungua. Pamba inanuka karatasi na kuacha majivu laini. Akriliki inayeyuka na kuacha punje ngumu. Watoto wakae mbali.

Sufu ndiyo inayoliwa na nondo. Anayekula si yule anayeruka, ni kiwavi wake. Ukinunua sufu ya mtumba ya kufumua, ifunge vizuri kwenye mfuko, iweke friza wiki mbili kabla ya kuichanganya na nyingine. Akriliki haina shida na nondo, ila panya hachagui, anataka tandiko tu. Pamba inaogopa unyevu: ukungu ukishaingia, alama yake haitoki kirahisi.

4. Chombo chenye mfuniko, juu ya sakafu
Viroba nimeachana navyo. Natumia ndoo za lita 20 zenye mfuniko na makontena ya plastiki yanayoonyesha ndani. Yote yapo juu ya mbao, hayagusi sakafu wala ukuta, maana kwetu masika ukuta unatoa jasho. Uzi uwe mkavu kabisa kabla ya kufunika, la sivyo unafungia unyevu ndani. Vile vifuko vidogo vya chembechembe vinavyokuja kwenye boksi la viatu usitupe, tia humo, ila viwe mbali na watoto. Mara moja kwa mwezi nafungua napunga hewa kivulini. Jua kali la dirishani linapausha rangi.

5. Usikaze bonge
Mabaki nayazungushia kwenye vidole vinne, kisha nachomoa vidole. Bonge linabaki laini. Uzi uliokazwa unakaa umevutika, ukifuma nguo inatoka sawa, mteja akifua inarudi ndogo. Lawama ni zako.

6. Naftalini hapana
Hili naomba tusikilizane. Vile vidonge vyeupe vya kabatini usiviweke kwenye uzi wa nguo za watoto. Mvuke wake unaingia kwenye nyuzi. Kuna watoto wanaozaliwa na upungufu wa kimeng'enya kiitwacho G6PD, na huku kwetu Afrika sio wachache. Kwao naftalini inaweza kuvunja chembe nyekundu za damu, mtoto akapata manjano kali na kuishiwa damu. Mama anayekuagiza mtandaoni hawezi kujua kabati lako lina nini. Wewe unajua. Mfuniko unaobana na usafi vinatosha.

7. Hesabu kabla ya kwenda sokoni
Kanuni yangu sasa: siendi Kariakoo bila kupiga picha ya daftari. Rangi ambayo haijaguswa miezi sita naigeuza bidhaa. Zile nyeupe 38 nilifuma kofia na soksi, nikaziuza kama zawadi ya mzazi kwa bei ndogo. Zimeisha zote, na hela ndiyo iliyonunua mizani na makontena.

Mteja wa Iringa nilimfumia shali jingine, loti moja, nikamtumia bila malipo. Lilichelewa arobaini, lakini Kulwa na Doto wanalilalia. Mwezi wa sita, baridi ilipokaza, alinitumia picha yao. Chini ameandika: "Dada, mdogo wangu bado anataka lile sweta."

Nilipima uzi kwanza, ndipo nikajibu "ndiyo".