Mwaka wa Msingi wa Optometria: Nani Aulipie, na Kwa Nini

Kijana aliyemaliza sekondari akitaka kusomea optometria Uingereza huweza kujibiwa na chuo kwamba hawezi kuingia mwaka wa kwanza moja kwa moja. Aanze na mwaka wa msingi. Jibu hilo hupokewa vibaya nyumbani. Mtoto huliona kama kukaririshwa darasa, mzazi huliona kama karo ya mwaka mzima kwa masomo yaliyopaswa kuwa yamekwisha, na ndugu hudhani kuna mtihani alioanguka. Hoja ya makala haya ni kwamba katika fani hii, kuliko fani nyingi za afya, mwaka huo una kazi yake, kwa sababu optometria imesimama juu ya masomo ambayo shule huyatenganisha mapema. Hoja hiyo, hata hivyo, ina masharti mawili: mwaka wenyewe uyaunganishe masomo hayo, na ufungue kweli mlango wa shahada. Pasipo hayo, wazazi wanaolalamika wana haki.

Tuanze na kazi yenyewe, maana wengi huichanganya na nyingine mbili. Daktari bingwa wa macho ni tabibu: amesomea udaktari kwanza, kisha akabobea kwenye macho, na ndiye anayefanya upasuaji kama ule wa kuondoa mtoto wa jicho. Fundi miwani huchonga lenzi na kuzifunga kwenye fremu kwa kufuata vipimo alivyoletewa. Mtaalamu wa optometria hupima uwezo wa kuona, huamua nguvu ya miwani au kontakti lenzi, hukagua jicho nje na ndani, na hutambua dalili za maradhi kama presha ya macho kabla mgonjwa mwenyewe hajahisi kitu. Uingereza hakuna ruhusa ya kufanya kazi hiyo bila kusajiliwa na Baraza Kuu la Optiki, chombo kilichoundwa kwa sheria ya mwaka 1958. Mwaka 2021 baraza hilo lilibadili masharti ya mafunzo: sifa ya kusajiliwa sasa inatakiwa kufikia ngazi ya uzamili, na ndani yake mwanafunzi apate angalau saa 1,600, sawa na wiki 48, za kujifunza kwa vitendo akihudumia wagonjwa. Ratiba ya namna hiyo haiachi nafasi ya kumfundisha mtu sheria za mwanga kuanzia sifuri.

Pengo lenyewe huanzia shuleni. Kule England, kijana wa miaka 16 kwa kawaida huchagua masomo matatu ya A-level na kuyaacha mengine yote. Anayejiona mtu wa afya huchukua baiolojia na kemia, la tatu akaongeza saikolojia, na hapo fizikia ameiaga. Mwenzake aliyependa hesabu na fizikia anaijua lenzi lakini haijui seli. Tanzania mgawanyo uko kwenye tahasusi: PCB (fizikia, kemia na baiolojia) ndiyo iliyo karibu zaidi na mahitaji ya optometria, lakini wa CBG amebaki bila fizikia na wa PCM bila baiolojia. Kenya kuna jambo jingine. Katika mfumo wa 8-4-4, ulioanza mwaka 1985, mwanafunzi hutoka kidato cha nne akaenda chuo kikuu, na vyuo vya Uingereza kwa kawaida haviihesabu KCSE, cheti cha kidato cha nne, kuwa sawa na A-level. Hivyo Mkenya mwenye A ya fizikia na A ya baiolojia huweza kuambiwa aanze na mwaka wa msingi, wakati Mtanzania wa kidato cha sita mwenye PCB nzuri anafikiriwa kuingia moja kwa moja. Wa CBG na Mkenya wa A mbili wanapewa jibu moja, ilhali mmoja amekosa somo zima na mwenzake amekosa kina na cheti tu.

Kwa nini pengo la somo zima lisivumiliwe? Tuchukue mfano wa mwanamke wa makamo anayefika kupimwa akisema kwamba kwa wiki mbili vitu vya mbali vimekuwa na ukungu, naye hajawahi kuvaa miwani. Kipimo kinaonyesha kweli anahitaji lenzi ya kuonea mbali. Aliyesoma mwanga peke yake ataandika miwani na kumuita anayefuata. Lakini akiulizwa vizuri, mwanamke huyo anasema ana kiu isiyokatika na anaamka usiku mara kwa mara kwenda haja ndogo. Sukari imempanda. Sukari ikizidi kwenye damu huingia pia kwenye lenzi ya jicho, na sehemu yake hugeuzwa kuwa sorbitoli. Hiyo haitoki kirahisi, huvuta maji, na lenzi hubadilika pamoja na uwezo wake wa kupinda mwanga. Matibabu yakianza na sukari ikatulia, namba ya miwani nayo huhama, na miwani iliyonunuliwa juzi haimfai tena. Uamuzi sahihi ni kumpeleka akapimwe sukari, kisha kungoja wiki kadhaa kabla ya kumwandikia miwani ya kudumu. Uamuzi huo mmoja umehitaji kemia, baiolojia na fizikia kwa pamoja, tena ndani ya dakika chache, mgonjwa akiwa ameketi mbele yako.

Hesabu nazo hazikwepeki. Nguvu ya lenzi hupimwa kwa dayopta, yaani 1 kugawanya kwa urefu wa fokasi kwa mita. Mtu ambaye mwisho wa kuona kwake vizuri ni nusu mita anahitaji lenzi mbonyeo ya dayopta −2. Hilo ni jepesi. Ugumu huja pale anayevaa miwani ya −10, iliyokaa milimita 12 mbele ya jicho, anapotaka kontakti lenzi. Akipewa −10 itamzidi. Kwa kuwa lenzi imesogea hadi juu ya konea, yaani utando angavu wa mbele ya jicho, hesabu inatoa takriban −9. Au fundi amekosea kituo cha lenzi ya −6 kwa milimita 5 tu: lenzi hiyo sasa inafanya pia kazi ya prizimu ya dayopta 3, na kitu kilicho mita 1 mbele kinaonekana kimehama sentimita 3. Kosa likiwa la kushoto na kulia, macho huweza kujirekebisha kwa kiasi. Likiwa la juu na chini, mvaaji huumwa kichwa au huona viwili. Aljebra inayohitajika hapa haizidi ya sekondari, lakini lazima iwe imekaa kichwani kiasi kwamba mtu anashtuka mwenyewe akiona jibu halieleweki, na alama ya kutoa haimponyoki.

Historia ya fani inathibitisha kwamba muungano huu haukubuniwa na watunga mitaala. Thomas Young, aliyeeleza kasoro ya jicho iitwayo astigmati mwaka 1801 kwa kulichunguza jicho lake mwenyewe, alikuwa tabibu na mwanafizikia. Hermann von Helmholtz naye alisomea utabibu kabla ya kuzama katika fizikia. Kabla yake, aliyechungulia mboni ya mtu hai aliona weusi mtupu, kwa sababu mwanga uingiao kwenye jicho hurudi kwa njia uliyojia, na kichwa cha mchunguliaji ndicho kinachouzuia. Mwaka 1851 Helmholtz alitangaza suluhisho: kioo kilichoinamishwa, kinachoelekeza mwanga ndani ya jicho na papo hapo kumruhusu mtazamaji kuona kupitia humo. Kuanzia hapo retina na mishipa yake vikaonekana kwa mtu aliye hai. Swali lilikuwa la kitabibu, jibu likatoka kwenye sheria za mwanga.

Mwaka wa msingi unaostahili jina lake, basi, hufundisha masomo hayo yakitazamana. Mada ya lenzi ifuatwe na jicho lenyewe: kwamba nguvu yake nzima ni dayopta 60 hivi, na karibu theluthi mbili zake zinatoka kwenye konea, wala si kwenye lenzi ya ndani kama wengi wanavyodhani. Mada ya osmosisi ifike kwenye lenzi ya mwenye kisukari. Takwimu zifundishwe kwa vipimo vinavyorudiwa, ili mwanafunzi ajue tofauti ya robo dayopta kati ya vipimo viwili ina maana au haina. Pawe na maabara, na kuandika ripoti kwa Kiingereza cha kitaalamu, jambo linalowakwamisha hata wenye alama nzuri kutoka Afrika Mashariki. Vipo vyuo, Cardiff ya Wales kikiwa kimoja, ambavyo vimeambatisha mwaka wa awali na shahada yao ya optometria. Kwingine kuna kozi pana ya sayansi za afya ambamo atakayekuwa mwuguzi, mfamasia na mpimaji macho hukaa darasa moja. Hiyo si mbaya yenyewe, ila mwenye kuhitaji fizikia aitafute kwenye orodha ya moduli kabla ya kulipa. Asipoiona, kozi hiyo haitamzibia pengo lake.

Pingamizi la kwanza ni gharama, na lina watetezi wazito. Mwaka 2019 jopo lililoongozwa na Philip Augar, lililoundwa na serikali kuchunguza elimu ya baada ya miaka 18 England, lilipendekeza mikopo ya serikali isitolewe tena kwa miaka ya msingi iliyoambatishwa na shahada, likisema diploma za Access zinazotolewa na vyuo vya kati hufanya kazi ileile kwa bei nafuu. Serikali haikufika huko. Ilichofanya, kuanzia mwaka wa masomo 2025/26, ni kushusha kikomo cha karo ya miaka ya msingi ya masomo ya darasani, kama biashara na sayansi za jamii, hadi pauni 5,760. Masomo yanayohitaji maabara yakabaki na kikomo cha juu, pauni 9,535 kwa mwaka huo. Tofauti hiyo yenyewe ni ukiri kwamba si kila mwaka wa msingi una uzito mmoja. Hata hivyo, jopo lilikuwa na hoja: ambaye pengo lake ni somo moja tu, na karibu naye kuna mahali pa kulisoma somo hilo kwa A-level, atatumia fedha kidogo zaidi akipita njia hiyo. Mwanafunzi anayetoka nje ya Uingereza apige hesabu mara mbili, kwa kuwa vikomo hivyo havimhusu. Chuo humpangia karo kinavyotaka, na kwa kawaida ni kubwa zaidi.

Pingamizi la pili husema siku hizi macho hupimwa kwa kompyuta, kwa hiyo fizikia yote hii ya nini? Ni kweli mashine hutoa namba kwa sekunde chache. Lakini mtoto akichungulia ndani yake, msuli wa jicho lake huweza kujikaza kana kwamba anatazama kitu cha karibu, na mashine ikamsoma kuwa haoni mbali hata kama sivyo. Ndiyo maana hutiwa matone ya kulegeza msuli huo kisha akapimwa upya. Asiyejua jinsi jicho linavyobadili fokasi hana njia ya kushuku namba iliyochapwa vizuri kwenye karatasi. Kadiri mashine zinavyoenea, mtaalamu ndiye anayebaki wa kusema ni lini namba isiaminiwe.

Pingamizi la tatu ni kali zaidi: aliyeanguka sayansi shuleni ataanguka tena chuoni, na mwaka wa msingi unamchelewesha tu kuujua ukweli. Hapa tutofautishe watu wawili. Yupo ambaye hakulisoma somo hilo kabisa, au alilisoma katika mfumo usiotambuliwa. Huyo hana rekodi ya kushindwa. Na yupo aliyelisoma miaka miwili akapata alama duni. Kwa huyu wa pili mwaka mmoja hautafanya muujiza iwapo atasoma vilevile alivyosoma, na chuo kinachomchukua bila kumpima vizuri kinamkosea. Ulinzi wake ni kiwango cha kuvukia kwenda mwaka wa kwanza. Programu inayodai alama ya juu mwishoni mwa mwaka inaonekana katili, lakini inamwepusha na deni la miaka mingine minne ya kitu asichokiweza.

Mwenye PCB nzuri, kwa hiyo, hana sababu ya kuulipia mwaka huu kabla ya kujaribu kuingia moja kwa moja, wala hapaswi kusahau kwamba optometria inafundishwa pia Masinde Muliro kule Kakamega, Makerere mjini Kampala, na KCMC Moshi. Wataalamu wanahitajika kote: mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani lilikadiria kuwa watu wasiopungua bilioni 2.2 wana upungufu wa kuona, na kwa angalau bilioni 1 kati yao upungufu huo ungeweza kuzuilika au bado haujashughulikiwa. Mwenye pengo la fizikia au la baiolojia, au mwenye cheti ambacho Uingereza hakitambuliwi, mwaka wa msingi ni wake, mradi adai majibu ya maandishi kabla ya kutuma hata pauni moja. Mwanga na jicho vinafundishwa pamoja? Alama gani humpeleka mwaka wa kwanza, na akiipata nafasi ni yake au atashindania usaili upya? Na shahada inayofuata imeidhinishwa na Baraza Kuu la Optiki? Chuo kinachosita kujibu swali la mwisho hakistahili karo yake, hata mwaka wake wa msingi uwe mzuri namna gani.