Volti ya Jinja na volti ya Mbale: Je, ni moja?

JINJA, Uganda

Chukua multimita mbili za bei nafuu, upime nazo betri moja ya sola kwa wakati mmoja. Ya kwanza ikionyesha volti 12.61 na ya pili 12.48, utaamini ipi?

Kwa wapenzi wa elektroniki wanaojifunzia nyumbani, Jinja au Mbale, swali hilo lina gharama. Betri ya asidi ya volti 12 iliyopumzika bila kutumika huwa imejaa inapofika takriban volti 12.7. Ikishuka hadi kama 12.2, imebakiwa na karibu nusu. Kati ya kujaa na nusu pana nusu volti tu. Multimita iliyokosea kwa asilimia moja tayari imekula robo ya nafasi hiyo, na mwenye betri ataendelea kuitumia akidhani bado ina nguvu, hadi ife kabla ya wakati wake.

Kwa betri za lithiamu zinazotolewa kwenye kompyuta mpakato zilizoharibika, hatari ni kubwa zaidi. Seli za kawaida za aina hiyo hazifai kuchajiwa kupita volti 4.20. Multimita ya aina ya DT830, ambayo wengi huanza nayo, kwa kawaida huruhusiwa kukosea nusu ya asilimia na tarakimu mbili za mwisho. Ikipimia kwenye ngazi ya volti 20, inaweza kuonyesha 4.20 wakati seli imefika 4.24. Hapo ni ikiwa mpya. Betri yake ya volti 9 ikichoka, kipimo huweza kupanda juu ya ukweli bila mtumiaji kushtuka. Seli inayozidishiwa chaji huchakaa haraka, na inaweza kushika moto.

Kosa la wengi ni kudhani kwamba tarakimu nyingi ndiyo usahihi. Multimita yaweza kuonyesha tarakimu tano na zote zikawa za uongo. Usahihi hutokana na kulinganisha: kifaa chako na kilicho bora kuliko chako, nacho na kilicho bora zaidi, mpaka juu kabisa. Kazi hiyo Shirika la Viwango Tanzania, TBS, huiita ugezi. Kugeza si lazima kurekebisha. Ni kujua kifaa kimekosea kwa kiasi gani na kuliandika kosa hilo.

Juu kabisa ya mnyororo huo imekaa fizikia. Mwaka 1962 Brian Josephson, akiwa mwanafunzi wa Cambridge mwenye umri wa miaka 22, alitabiri tabia ya umeme inayounganisha volti na masafa ya mawimbi. Kazi hiyo ilimpatia Tuzo ya Nobel mwaka 1973. Leo maabara kubwa duniani huizalisha volti kwa njia hiyo, mara nyingi zikitumia chipu zilizopoozwa hadi karibu nyuzi 269 chini ya sifuri.

Nyumbani hakuna anayehitaji kufika huko. Kinachohitajika ni rejea, yaani kifaa kidogo kinachotoa volti isiyoyumba. Chipu ya AD584, inayouzwa ikiwa imeshafungwa kwenye ubao mdogo, hutoa volti 10, 7.5, 5 na 2.5. Lakini chipu hii ina madaraja. Lile la chini linaruhusiwa kukosea hadi milivolti 30 kwenye volti 10, na kuyumba hadi milivolti 0.3 kwa kila nyuzi moja ya joto. Kwa hiyo aliyepima alfajiri yenye baridi kwenye miteremko ya Elgon na aliyepima mchana chini ya bati mjini Jinja wanaweza kutofautiana kwa milivolti kadhaa, wote wakitumia kifaa kilekile. Chipu ya LM399 hulikwepa tatizo hili kwa kujipasha joto yenyewe, ila ni ghali zaidi.

Usitumie umeme wa ukutani kama rejea. Volti 240 ni jina tu. Hupanda na kushuka siku nzima, na multimita dhaifu si ya kuaminiwa maisha yako.

Bado rejea yenyewe lazima igezwe. Kwa Uganda, ngazi ya juu ni maabara ya taifa ya vipimo ya Shirika la Viwango, UNBS, iliyoko Bweyogerere, kwenye barabara ya Jinja kuelekea Kampala. Kwa kijana mmoja wa Mbale, nauli na ada ni mzigo. Kwa kundi la watu kumi, si mzigo tena. Rejea moja nzuri inaweza kupelekwa maabara mara moja kwa mwaka, ikarudi na cheti, ikapimiwa multimita za wote, Jinja mwezi mmoja na Mbale mwezi unaofuata. Kila mmoja abandike kosa la multimita yake nyuma ya kifaa, pamoja na tarehe. Vyuo vya ufundi vya miji hii miwili vingeweza kuitunza rejea hiyo bila shida.

Jambo hili haliishii Uganda. Bwawa la Owen Falls, ambalo leo ni Nalubaale, lilifunguliwa Jinja mwaka 1954, na mwaka 1958 umeme wake ukaanza kwenda Kenya kupitia Tororo. Mwaka 2006 Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipitisha sheria ya viwango, ubora, vipimo na majaribio, ili kipimo cha nchi moja kikubalike katika nchi nyingine. Mpaka sasa sheria hiyo huzungumzwa zaidi viwandani na mipakani. Lakini fundi wa sola anayetengeneza betri Mbale kisha ikauzwa Bungoma naye ni mfanyabiashara wa kanda. Mnunuzi wake anastahili kujua kwamba 4.20 iliyoandikwa pale ni 4.20 kweli.