Chokaa Haipo Dukani: Soko la Ukarabati Mji Mkongwe

Mnunuzi wa nyumba ya Mji Mkongwe, Zanzibar, huvutwa kwanza na mlango wa kuchonga na roshani. Fundi mzoefu haanzii hapo. Hupanda moja kwa moja hadi juu kutazama mabati na mifereji ya mvua, kisha huteremka akifuata bomba la choo cha ghorofani, huku akigonga lipu kwa vidole. Panaposikika uwazi, lipu imeshaachana na ukuta, na bajeti ya mwenye nyumba hubadilika papo hapo.

Sababu imo ndani ya ukuta wenyewe. Nyumba hizi zimejengwa kwa mawe ya matumbawe, udongo na chokaa, unene wa nusu mita au zaidi, na dari zake zimebebwa na boriti za mikoko. Ukuta wa namna hiyo ukibaki mkavu hudumu vizazi kwa vizazi. Ukiingiwa na maji kila siku, chokaa na udongo hulainika, na ncha ya boriti iliyozama ukutani, mahali pasipoonekana, huanza kuoza kabla ya sehemu nyingine. Ndiyo maana shilingi ya kwanza inapaswa kwenda kwenye paa, ya pili kwenye mabomba, na rangi ije mwisho kabisa. Wengi hufanya kinyume, kwa kuwa rangi huonekana na wageni.

Hapo inaingia saruji. Mfuko wa kilo 50 unapatikana katika kila duka la vifaa vya ujenzi, unabebwa kwa mkokoteni hadi mlangoni, na lipu yake hukauka upesi. Lakini saruji ni ngumu kuliko ukuta wa chokaa, tena huziba njia ya unyevu kutoka. Maji hubaki ndani, chumvi hujikusanya nyuma ya lipu na kuisukuma, na baada ya misimu michache vipande huanza kubanduka vikiondoka na ngozi ya ukuta wa asili. Mwenye nyumba hulipa mara mbili kwa kazi moja.

Chokaa haipatikani kirahisi hivyo. Mawe ya matumbawe hupangwa juu ya magogo, mara nyingi ya minazi, yakachomwa hadi yawe meupe na mepesi. Kisha huzimwa kwa maji, na chokaa nzuri huachwa ikae miezi kabla ya kutumika. Lipu yake hupigwa tabaka jembamba juu ya jembamba, na kila tabaka hulindwa jua lisilikaushe haraka. Mchomaji anatakiwa atoe fedha za kuni na vibarua leo, auze baada ya miezi, kwa wateja ambao hajui idadi yao. Haishangazi kwamba wanaoifanya kazi hii ni wachache. Kwa maoni yangu hiki ndicho kikwazo kikubwa kuliko vyote katika biashara ya ukarabati Mji Mkongwe.

Boriti nazo zina soko lake la zamani, zikihesabiwa kwa korija, yaani ishirini ishirini. Delta ya Rufiji na visiwa vya Lamu ndiko zilikotoka shehena nyingi za majahazi. Kenya ilizuia kuuza boriti nje ya nchi mwaka 1982, na ulinzi wa mikoko umeongezeka pwani nzima, jambo ambalo ni la haki kwa bahari na wavuvi. Matokeo yake, mwenye nyumba hushawishiwa kumwaga zege badala ya dari ya boriti. Uzito wa zege juu ya kuta ambazo hazikujengwa kuubeba ni hatari. Vilevile, urefu wa boriti ndio ulioamua upana wa vyumba, mita mbili na nusu hadi tatu hivi. Anayevunja ukuta wa kati apate sebule kubwa huziacha boriti za juu bila pa kulalia.

Kisha kuna jirani. Katika mitaa kama Kiponda, Mkunazini na Malindi, nyumba zimeshikana, na ukuta mmoja huweza kubeba boriti za familia mbili. Bomba la mmoja likivuja, chumba cha mwingine huota ukungu. Bajeti isiyomshirikisha jirani tangu mwanzo haijakamilika. Na jirani mwenyewe huenda ni mpangaji wa Kamisheni ya Wakfu, au wa serikali iliyotaifisha majumba mengi baada ya Mapinduzi ya 1964, au ni warithi kumi waliotawanyika Muscat, Dubai na Dar es Salaam. Kodi ikiwa ndogo na wenye mali wakiwa wengi, hakuna anayejiona na wajibu wa kuziba paa. Benki nayo huona tabu kukopesha juu ya hati yenye majina kumi.

Fedha ziko kwenye hoteli. Tangu UNESCO iuweke Mji Mkongwe katika urithi wa dunia mwaka 2000, utalii umeokoa majumba mengi yaliyokuwa yanaelekea kuanguka. Lakini kila chumba cha mgeni kinataka bafu lake, na nyumba iliyozoea choo kimoja au viwili hubebeshwa mabomba kumi ndani ya kuta za chokaa. Hoteli pia ndizo zinazowamudu mafundi bora. Mwenye nyumba ya kawaida husubiri, au huchukua fundi aliyezoea matofali.

Mamlaka ya Uhifadhi na Uendelezaji wa Mji Mkongwe, iliyoanzishwa mwaka 1985, hutoa vibali na kukagua kazi, na kibali ni lazima kabla ya kugusa ukuta. Lakini kibali hakileti chokaa, wala matengenezo yenyewe si kinga. Beit al-Ajaib, jumba mashuhuri kuliko yote hapo, liliporomoka sehemu yake tarehe 25 Desemba 2020 likiwa katika matengenezo, na watu wawili wakafariki.

Kamisheni ya Wakfu, serikali na wenye hoteli, wakikubaliana kuagiza chokaa kwa pamoja kila mwaka na kulipa sehemu ya fedha mapema, wachomaji watapata sababu ya kujenga matanuri bora yanayokula kuni kidogo, na familia moja moja zitaweza kununua kutoka shehena hiyo hiyo. Kwa sasa, anayepanga kufunga paa na kupiga lipu kabla ya masika ya Machi hana budi kuweka oda ya chokaa yake mwaka mmoja kabla, na amwite jirani washauriane siku ile ile anayomwita fundi.