Picha, Chapa na Nakala: Istilahi za Mnunuzi wa Sanaa ya Kijapani

Neno “picha” limebebeshwa mzigo mkubwa. Hutaja kilichopigwa kwa kamera, kilichochorwa kwa mkono, kilichotolewa na mashine, na hata filamu. Katika mazungumzo ya kawaida jambo hilo halina madhara. Lakini mtu wa Mpemba, penye njia panda ya barabara kuu ya Tunduma na ile iendayo Isongole, akiagiza picha ya Kijapani ya mandhari ya zamani ili aitundike ukutani, hati ya mauzo isemayo “picha moja” haimwelezi amelipia nini. Vivyo hivyo, afisa wa forodha hawezi kukadiria thamani yake kwa maneno hayo.

Tuchukue mfano wa kazi za Kawase Hasui (1883–1957), aliyesifika kwa mandhari ya theluji, mvua na vijiji. Hasui alichora; mchongaji akachonga mchoro huo katika vibao vya mbao; mchapaji akavipaka rangi na kugandamizia karatasi; Watanabe Shozaburo akagharimia na kuuza. Hapa Kiswahili hakina upungufu: mchapaji ndiye atiaye rangi, mchapishaji ndiye aitoaye kazi kwa watu. Karatasi iliyotoka katika vibao hivyo si nakala ya picha nyingine. Yenyewe ndiyo kazi ya sanaa, ijapokuwa wenzake ni wengi. Nakala ni ile iliyopigwa kutokana nayo na kutolewa kwa mashine.

Kwa hiyo tunapendekeza istilahi zifuatazo:

(a) Mchoro: kazi ya mkono, iliyo moja tu.

(b) Chapa ya kibao: karatasi iliyochapwa kwa kibao kilichochongwa.

(c) Nakala ya mashine: mfano wa (a) au (b) uliotolewa kwa mashine.

Huenda ikadaiwa kwamba “chapa” ni alama ya ng’ombe au ya biashara. Ni kweli, lakini asili ya maana zote ni moja, yaani kugandamiza ili alama ibaki, na maneno “ya kibao” huondoa utata. Hata khanga huchapwa, na baadhi ya khanga zilizovaliwa Afrika Mashariki katika karne ya 20 zilichapwa Japani.

Limebaki neno “fremu”. Tangazo la “fremu inapangishwa” humaanisha chumba cha duka. Wapo wanaopenda “kiunzi”, lakini neno hilo limekwisha kuzoeleka katika ujenzi na mbio za kuruka viunzi. Afadhali tuseme “fremu ya picha”, ambayo hata seremala ataielewa.

Basi hati na iandikwe: “Chapa ya kibao moja, pamoja na fremu ya picha,” au “Nakala ya mashine moja, pamoja na fremu ya picha.” Bei za vitu hivyo viwili hutofautiana sana. Muuzaji mwaminifu hapungukiwi na kitu kwa kuandika hivyo. Asiye mwaminifu hukosa pa kujificha.