Telč: Mji wa Soko Uliozungukwa na Maji

Magharibi ya Telč unasimama mlima Javořice, wenye mita 837, kilele cha juu kuliko vyote katika nyanda za juu zinazotenganisha Bohemia na Moravia. Mji wenyewe uko chini yake, kiasi cha mita 500 juu ya usawa wa bahari, kusini mwa Jamhuri ya Cheki. Leo una wakazi kama 5,000. Mji mdogo kiasi hicho umeingizwaje katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO, mwaka 1992?

Jibu linaanzia barabarani na kwenye maji. Katika Enzi za Kati njia za wafanyabiashara kutoka Bohemia, Moravia na Austria zilikutana hapa. Palipo na njia panda hapakosi soko, na soko lenye mali linahitaji ulinzi. Wajenzi wa Telč waliupata ulinzi huo kwa mabwawa yaliyotengenezwa na binadamu. Ukitazama ramani utaona Ulický upande mmoja na Štěpnický upande wa pili, yameukumbatia mji wa kale mpaka ukawa karibu kisiwa, unaoingiwa kwa malango machache. Mabwawa hayo yalilisha pia. Wacheki wamefuga samaki aina ya karpi tangu zama hizo: bwawa hufunguliwa majira ya vuli, maji yakapungua, samaki wakakusanywa kwa nyavu. Hadi leo karpi ndiye kitoweo cha mkesha wa Krismasi katika nyumba nyingi za nchi hiyo.

Kati ya mabwawa hayo soko lilipata umbo ambalo mgeni hulishangaa: pembetatu ndefu, pana upande mmoja, ikizidi kusongana kuelekea kasri la mabwana wa mji. Si mraba uliopimwa kwa kamba. Ninavyolisoma mimi, ni barabara iliyopanuliwa ili mikokoteni isimame na bidhaa zishushwe.

Mwaka 1339 Telč iliingia mikononi mwa ukoo wa mabwana wa Hradec. Kisha ukaja moto. Nyumba za soko zilikuwa za mbao hapo mwanzo; mwishoni mwa karne ya 14 ziliteketea, zikajengwa upya kwa mawe, na mwaka 1530 moto ukarudi. Aliyeupa mji sura tunayoiona ni Zachariáš wa Hradec, aliyefariki mwaka 1589. Alikuwa ameiona Italia, akawaleta mafundi wa Kiitalia kuligeuza kasri lake la Kigothi kuwa jumba la mtindo wa Renesansi. Watu wa mjini nao wakajenga upya, na mbele ya nyumba zao wakaweka vibaraza vyenye matao vinavyofuatana mlango hadi mlango, hivyo mnunuzi aliweza kutembea bila kunyeshewa.

Nyuso za baadhi ya nyumba hizo zina nakshi ya kukwaruza. Fundi hupaka lipu ya rangi nyeusi, juu yake akapaka nyeupe, na kabla haijakauka huikwangua hadi weusi ujitokeze kama mchoro. Kazi hiyo inataka haraka na mkono usiotetemeka, kwa kuwa lipu ikishakauka haisahihishiki.

Karne zilizofuata sitazichambua kwa kirefu. Yalikuja majeshi, wakaja Wajesuiti katika karne ya 17, na reli ikafika mwaka 1898. Jambo lenye uzito ni kwamba viwanda vikubwa vilikua kwingineko, kwa hiyo hapakuwa na shinikizo la kubomoa. Kwa maoni yangu, kubaki pembeni mwa uchumi mpya kumeihifadhi Telč kuliko amri yoyote ya serikali.

Wageni wengi hupiga picha za nyumba za sokoni kisha wakaondoka. Ukifika, anza nje: zunguka mabwawa kwa miguu, uingie kwa lango, ndipo uitazame ile pembetatu.