Gharama ya Nywele za Singa katika Nchi Jirani

Siku ya Jumamosi, na hasa mkesha wa sikukuu, saluni za Nairobi, Kampala, Bujumbura na Lubumbashi hujaa wateja tangu asubuhi hadi taa zinapowashwa. Wako wanaokuja kusukwa, na wako wanaokuja kuosha nywele tu. Lakini wengine wengi, kuanzia karani wa ofisini hadi binti aliyemaliza shule juzi na kuachana na amri ya kunyoa, huja kwa haja moja: nywele zao za kipilipili zigeuzwe ziwe za singa.

Haja hiyo si ya nchi jirani peke yao. Saluni za Dar es Salaam, Mwanza na Arusha zinafanya kazi ileile kwa dawa zilezile, na bidhaa za namna hiyo hazijui mpaka. Kopo lililonunuliwa leo Nairobi laweza kufunguliwa kesho Arusha. Kwa sababu hiyo, yanayotokea kwa jirani yanastahili kutazamwa kwa makini. Wahenga walisema kwamba mwenzako akinyolewa, wewe tia maji.

Ni vema ieleweke tangu mwanzo kwamba hakuna anayepinga haki ya mwanamke kujipamba. Kujipamba ni desturi ya kale ya Mwafrika, na ususi ni sanaa iliyokuwako kabla ya saluni ya kwanza kufunguliwa. Linaloulizwa ni jambo jingine: je, mama anayeketi katika kiti cha saluni anafahamu kile kinachopakwa kichwani mwake? Na je, msusi anayekipaka anafahamu?

Nywele zote, ziwe za Mwafrika, za Mhindi au za Mzungu, zimejengwa kwa protini iitwayo keratini. Kinachozitofautisha ni umbo. Kifuko kilicho chini ya ngozi, ambamo unywele huota, kikiwa kimepinda, unywele hutoka ukiwa umejikunja. Ndani yake, nyuzi za keratini zimeshikanishwa kwa viungo vya namna mbili. Viungo vya kwanza ni hafifu. Maji na joto huvilegeza, kisha hujirudi vyenyewe. Viungo vya pili ni vya salfa, navyo ni imara kama vipago vya ngazi. Hivyo ndivyo vinavyoulinda mkunjo wa unywele usipotee kwa kuoshwa wala kwa kuchanwa. Kila njia ya kunyoosha nywele hushambulia viungo hivyo, ama vya kwanza ama vya pili.

Njia ya kale zaidi ni ya moto. Chanuo la chuma huwekwa juu ya jiko, nywele hupakwa mafuta, kisha huchanwa kwa chuma hicho cha moto. Ndiyo maana watu wengi huita kazi hiyo kuchoma nywele. Siku hizi pasi ya umeme imechukua nafasi ya jiko katika saluni nyingi za mijini, lakini kanuni ni ileile: joto hulegeza viungo hafifu na nywele hulala. Mvua moja ya masika, au jasho la siku moja, yatosha kuzirudisha zilivyokuwa. Hasara yake ni masikio na shingo kuungua, na nywele kukauka na kukatika endapo joto litazidi.

Njia ya pili ndiyo inayojulikana kwa jina la kuweka dawa. Hapa hakuna kulegeza. Viungo vya salfa vyenyewe huvunjwa, na sehemu iliyonyooshwa hairudi tena mpaka ikatwe. Dawa ya zamani katika kundi hili ina kostiki soda, kitu kilekile kinachotumika kutengenezea sabuni na kuzibua mabomba. Msusi anayejua kazi yake kwanza huhakikisha kuwa kichwa hakina kidonda, wala hakikukunwa au kuoshwa siku hiyo. Hupaka mafuta mazito kwenye ngozi ya kichwa, masikio na paji la uso. Huvaa mpira mikononi. Hupaka dawa kwenye nywele mpya tu zilizoota, huangalia saa, kisha husuuza kwa maji mengi na kumalizia kwa shampuu maalumu ya kuzimua ukali uliobaki. Kwa kuwa nywele hukua kwa kadiri ya sentimeta moja kwa mwezi, kazi hiyo hurudiwa kila baada ya wiki nane hivi, mwaka hadi mwaka.

Ipo pia dawa inayotangazwa kuwa haina kostiki. Hiyo hutayarishwa kwa kuchanganya krimu yenye chokaa na maji ya guanidini. Ni kweli kwamba haina kostiki soda, lakini si kweli kwamba haina ukali. Wateja wengi hudanganywa na maandishi ya kopo, wakadhani kuwa kilichoondolewa jina kimeondolewa na madhara.

Njia ya tatu ilienea sana katika miaka ya 1980, na wenye umri wa makamo bado wanaikumbuka kwa jina la kalikiti. Nywele zilinyooshwa kwanza kwa dawa ya aina nyingine, zikaviringwa kwenye vijiti, kisha zikatiwa dawa ya pili ya kuzifanya zishike mawimbi mapya. Foronya za mito na migongo ya makochi ya wakati ule zilibeba alama za mafuta yake.

Njia ya nne ni ngeni zaidi na ilipata umaarufu kutoka Brazili. Nywele hupakwa maji yanayoitwa ya keratini, hukaushwa, kisha hupigwa pasi yenye joto la nyuzi 200 na zaidi. Nyingi ya dawa hizo, zinapopashwa moto, hutoa mvuke wa fomaldehaidi. Hicho ni kitu ambacho kikiwa katika maji huitwa fomalini, na wahudumu wa vyumba vya maiti hukitumia kuzuia miili isioze. Mwaka 2004, Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani, ambalo ni tawi la Shirika la Afya Duniani, lilikiweka katika kundi la vitu vinavyothibitika kusababisha saratani kwa binadamu.

Njia hizi hazikuzaliwa Afrika. Katika Marekani ya mwanzoni mwa karne ya 20, Mwafrika aliyetoka katika utumwa alikuta kwamba kazi na heshima vilipimwa kwa kadiri alivyomkaribia Mzungu kwa sura. Biashara kubwa ilistawi juu ya msingi huo. Madam C. J. Walker, aliyezaliwa mwaka 1867 na kufariki mwaka 1919, alijenga utajiri mkubwa kwa kuuza mafuta ya nywele, na akawapa kazi maelfu ya wanawake weusi. Mara nyingi husemwa kwamba yeye ndiye aliyevumbua chanuo la moto, lakini chombo hicho kilikuwako Ulaya kabla yake. Mwaka 1954 kampuni ya Johnson Products ilianzishwa mjini Chicago, na dawa za kunyooshea nywele zikawa bidhaa ya viwandani, zikauzwa kila mahali alipo mtu mweusi.

Afrika ya Mashariki ilipopata uhuru, viongozi waliliona jambo hili kwa macho ya siasa. Mwaka 1968 Umoja wa Vijana wa TANU ulitangaza Operesheni Vijana dhidi ya nguo fupi, suruali za kubana, nywele za bandia na krimu za kuchubua ngozi. Nchini Uganda, katika miaka ya 1970, utawala wa Idi Amin ulipiga marufuku nguo fupi na nywele za bandia. Hata hivyo, amri hizo hazikudumu. Zilimwandama mwanamke barabarani, zikamwacha mwenye kiwanda na mwenye duka wakiendelea na hesabu zao. Na kwa vile zilizungumzia adabu pasipo kuzungumzia afya, mama hakupata elimu yoyote ya kumsaidia kuchagua.

Elimu hiyo sasa ipo. Mwaka 2007 jarida la kitaalamu la magonjwa ya ngozi lilichapisha uchunguzi uliofanywa Nakuru, nchini Kenya, kuhusu athari za dawa hizi kwa wanawake. Mwaka 2019 watafiti wa Chuo Kikuu cha Cape Town walitoa matokeo ya kupima ukali wa dawa 121 za kunyooshea nywele. Kipimo kinachotumika huanzia sifuri hadi 14. Maji safi huwa katika 7, na kila hatua moja ya kupanda huongeza ukali wa alikali mara kumi. Dawa hizo zilikuwa na wastani wa 12.36. Kitu chochote kinachofika 11.5 huhesabiwa kuwa chaweza kuunguza ngozi. Lililosikitisha zaidi ni kwamba dawa zilizotangazwa kuwa za watoto, na zile zilizosemwa kuwa hazina kostiki, nazo zilikuwa katika kiwango hicho cha kuunguza.

Watafiti wa Afrika ya Kusini walikwisha kuonyesha pia kwamba nywele zilizowekwa dawa, zikisukwa kwa kuvutwa sana, ndizo zilizo katika hatari kubwa ya kunyonyoka pembeni mwa uso. Mama anayeona kipaji chake kinapanda mwaka hadi mwaka asidhani kuwa ni uzee. Na ngozi ya kichwa ikisha kupata kovu, nywele haziwezi tena kuota mahali hapo.

Oktoba 2022 yalitolewa matokeo ya utafiti wa Marekani uliofuatilia wanawake 33,497 kwa karibu miaka 11. Miongoni mwa wale ambao hawakutumia dawa za kunyoosha nywele, ilikadiriwa kuwa asilimia 1.64 wangepata saratani ya mfuko wa uzazi kabla ya kutimiza miaka 70. Kwa wale waliozitumia zaidi ya mara nne kwa mwaka, makadirio yalikuwa asilimia 4.05. Yapasa takwimu hizi zisomwe kwa utulivu. Hazithibitishi kuwa dawa ndiyo iliyoleta ugonjwa, na hata katika kundi la pili walio wengi hawakutarajiwa kuugua. Lakini ni onyo ambalo hakuna serikali inayojali raia wake iwezayo kulipuuza.

Katika mjadala huu yuko mtu mmoja ambaye husahaulika, naye ni msusi. Mteja hukaa na dawa dakika chache, kisha huenda zake kwa wiki nane. Msusi huigusa na kuivuta puani kutwa nzima, siku sita za juma, mara nyingi katika chumba kimoja chenye dirisha dogo, mikono mitupu, na mtoto amefungwa mgongoni. Ngozi ya vidole humbabuka, macho humwasha, kifua humbana, naye husema ni vumbi. Aliifundishwa kazi na dada aliyemtangulia, na huyo naye alifundishwa vivyo hivyo. Maelezo ya kopo yameandikwa kwa lugha ya kigeni asiyoisoma vizuri, kwa herufi ndogo kuliko punje ya mtama.

Mambo haya yana dawa yake. Katika nchi za Umoja wa Ulaya sheria imeweka kikomo: kostiki soda isizidi asilimia 2 katika bidhaa ya kunyooshea nywele inayouzwa kwa watu wote, na asilimia 4.5 katika ile inayotumiwa na mafundi. Rwanda ilionyesha mwishoni mwa mwaka 2018 kwamba nchi ya Kiafrika nayo yaweza kuchukua hatua, ilipoanza msako wa krimu za kuchubua ngozi madukani. Jumuiya ya Afrika Mashariki ina viwango vya pamoja vya vipodozi, na tangu mwaka 2010 ina soko la pamoja. Soko la pamoja bila ukaguzi wa pamoja ni mlango wa nyumba uliofunguliwa mchana na usiku. Nchi moja ikikaza na nyingine ikilegeza, mzigo uliokataliwa upande huu utaingilia upande ule.

Zaidi ya hayo, mwaka 2021 wakuu wa nchi za Jumuiya walikubali Kiswahili kiwe miongoni mwa lugha zake rasmi. Lugha rasmi haina maana kubwa kama yasikika mikutanoni tu. Maana yake itaonekana siku msusi wa Kisumu, wa Goma na wa Bukoba watakapofungua kopo na kusoma kwa Kiswahili: usipake penye kidonda, vaa mpira mikononi, fungua madirisha, usimpake mtoto, osha mara moja ukiona inachoma. Sentensi tano kama hizo hazina gharama kubwa kwa mwenye kiwanda, nazo zaweza kumwokoa mtu na kovu la maisha.

Hapana shaka kwamba wako watakaoendelea kunyoosha nywele, na wako watakaorudi katika uasili wa nywele zao, kama wanavyofanya sasa vijana wengi wa Nairobi na Kampala bila kushurutishwa na amri yoyote. Uamuzi ni wao. Wajibu wa serikali, viwanda na wenye saluni ni kuhakikisha kwamba uamuzi huo unafanywa na mtu anayejua. Jirani amekwisha kuketi kitini na wembe uko kichwani mwake. Anayetazama kutoka upande huu wa mpaka ana nafasi ya kutia maji mapema.